Mweka hazina, kidonge na lawama: uchambuzi wa kisa

Majina, mahali, aina ya kazi za wanachama na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Mhusika mkuu anaitwa M. Nilishiriki katika kamati iliyosikiliza shauri lake kama mjumbe wa nje, kwa kuwa nafundisha maadili.

Usuli

M. alikuwa mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila doa. Wanachama walimwamini kupita kiasi: hundi zilihitaji sahihi mbili, yake na ya katibu, na katibu alizoea kutia sahihi hundi tupu kadhaa kila mwanzo wa mwezi ili kazi isikwame asipokuwepo. Ofisi nzima ilijua. Hakuna aliyeona tatizo.

Akiwa na miaka hamsini na kitu aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia ulitetemeka, na mwandiko wake ukawa unapungua ukubwa kila mstari unapoelekea mwisho. Katika ugonjwa huu chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, hufa polepole, na mwili hupoteza wepesi wa kujongea. Daktari alimwanzishia pramipexole, dawa ya kundi linaloiga kazi ya dopamini. Ilimsaidia kweli. Alirudi kufunga vifungo vya shati mwenyewe na kuandika vocha bila kupumzisha mkono katikati.

Lakini dopamini haihusiki na mwendo tu. Inahusika pia na hamu, na matarajio ya kupata, na namna tunavyojifunza kwa kushinda na kushindwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, ulionyesha kuwa asilimia 17.1 ya waliotumia dawa za kundi hili walikuwa na angalau tatizo moja la kushindwa kudhibiti misukumo: kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Kwa wasiozitumia ilikuwa asilimia 6.9. Takwimu hizi mbili zilitajwa sana kwenye kamati, na kila aliyezitaja alikuwa na jambo lake la kuthibitisha.

Yaliyotokea

Miezi michache baada ya dozi kuongezwa, M. alianza kubeti kwa simu. Hakuwahi kucheza kamari maishani. Vijana wa ofisini walikumbuka jinsi alivyokuwa akiwaonya waachane nayo. Alianza na mshahara wake, usiku wa manane, mkewe akiwa amelala. Mshahara ulipokuwa hautoshi aligeukia fedha za chama. Alitumia zile hundi zenye sahihi ya katibu, na kwenye vitabu akaandika mikopo hewa kwa majina ya wanachama waliokwisha kustaafu.

Mkewe alishtuka alipoona taarifa ya benki ya akaunti ya nyumbani. Jioni moja alitoa kikaratasi cha maelezo kwenye boksi la dawa, akaweka kidole chini ya mstari uliotaja kamari, akamsomea. M. alimjibu, "Hiyo inahusu watu wengine. Mimi nitaacha mwenyewe." Wiki mbili baadaye alihudhuria kliniki. Muuguzi alimuuliza kama kuna mabadiliko yoyote ya tabia tangu aanze dawa. Alisema hakuna.

Uchukuaji uliendelea kwa miezi minne zaidi, hadi mstaafu mmoja alipokuja kuchukua hisa zake akaambiwa ana deni. Mkaguzi wa hesabu aliitwa. M. alikiri siku ileile, akaenda nyumbani, akarudi na daftari dogo la shule.

Daftari hilo ndilo lililotushughulisha kuliko kitu kingine chochote. Lilikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: tarehe, kiasi, jina lililotumika, na safu ya mwisho yenye kichwa "nitarudisha". Maandishi ni ya penseli, madogo kiasi kwamba mkaguzi alitumia miwani ya kukuzia. Kila kiasi kililingana na kile ambacho mkaguzi alikuwa amekipata kwa njia yake. Hakuna hata kimoja kilichoachwa. Na palikuwa na pengo: majuma matatu bila ingizo lolote, yale ya ukaguzi wa mwaka. Tulipoagiza taarifa ya akaunti yake binafsi kwa majuma hayohayo, tukakuta alibeti mshahara wake karibu kila usiku.

Maamuzi ya kamati na sababu zake

Kikao cha kwanza kiliamua jambo moja tu: M. asimamishwe kazi na apewe barua ya kujieleza, na shauri lisisikilizwe kabla ya ripoti ya daktari. Mwenyekiti alitaka polisi waitwe mara moja. Wengine walisema kufanya hivyo ni kuamua kabla ya kujua, na hoja yao ikapita.

Ripoti ilisema dawa imepunguzwa kidogokidogo, maana kuikatisha ghafla huweza kuleta wasiwasi mkubwa na huzuni nzito. Kadiri dozi ilivyoshuka, hamu ya kamari ilipungua, kisha ikatoweka. Daktari aliona dawa ndiyo chanzo kinachoelekea zaidi. Hakusema kama M. ana hatia, na alifanya vizuri kutosema.

Kwenye kikao cha pili wajumbe waligawanyika. Mmoja alisema dawa ndiyo iliyocheza kamari, M. alikuwa chombo tu. Wa pili akamgeuzia takwimu: kama asilimia 17 hupatwa, basi zaidi ya asilimia 80 wanameza vidonge vilevile na hawapatwi, tena huyu alificha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Wa tatu, mtu mpole na mcha Mungu, alisema yote ni kadari, kila mtu ameandikiwa lake. Katibu wa kikao akamjibu, "Basi na sisi tumeandikiwa kumfukuza." Watu wakacheka. Jibu hilo lina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili: inasimuliwa kwamba mtumwa wa Zeno wa Citium, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliiba, akajitetea kuwa alijaaliwa kuiba, na Zeno akamwambia kuwa alijaaliwa kuchapwa pia.

Kilichotukwamua ni kuacha kuuliza kama M. ana hatia au hana, tukalitenganisha shauri katika matendo. Kubeti ni tendo moja. Kuchukua fedha za watu ni jingine. Kuandika mikopo hewa kwa majina ya wastaafu ni la tatu, na kumdanganya muuguzi ni la nne. Tuliamua hivi: kwa kubeti hakuna lawama. Kwa fedha zilizochukuliwa kabla ya jioni ya kikaratasi, lawama ipo lakini imepungua sana. Kwa zilizochukuliwa baada ya hapo, na kwa majina ya wastaafu wakati wote, atawajibika.

Hatua zilizofuata: avuliwe uweka hazina moja kwa moja, arudishe fedha zote kwa awamu bila riba, abaki kazini kwenye nafasi isiyogusa fedha, apewe onyo la maandishi, awaandikie wastaafu barua za kuomba radhi yeye mwenyewe. Suala la polisi lilipigiwa kura, watatu wakakataa na wawili wakakubali. Katibu naye alipewa onyo kwa zile hundi, jambo lililomkera sana.

Matokeo

M. anarejesha fedha kwa wakati. Hajabeti tena. Mkono umeanza kutetemeka upya kwa sababu dozi ni ndogo, na mkewe ndiye humfungia vifungo vya shati. Baadhi ya wanachama waliona tumemlea mwizi, wakatoa akiba zao wakaondoka. Mstaafu aliyegundua mambo alipokea barua yake, akasema imetosha.

Kisha ikaja barua ambayo hatukuitarajia. Iliandikwa na karani wa zamani aliyefukuzwa miaka michache kabla, naye kwa kuchukua fedha za chama akazimalizia kwenye kamari. Yeye hakuwa na ugonjwa wowote wala dawa. Aliomba shauri lake liangaliwe upya kwa vigezo vilevile. Ofisi ilimjibu kwa aya moja: muda wa kukata rufaa umepita.

Uchambuzi

Nianze na lile ambalo halikutusaidia hata kidogo, nalo ni hoja kwamba kila tendo lina kisababishi chake. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace alieleza akili ambayo kama ingejua mahali pa kila chembe na nguvu zote za maumbile kwa wakati mmoja, isingeona shaka yoyote kuhusu yajayo. Tuseme ndivyo ulimwengu ulivyo. Basi M. hakuweza kufanya vingine, na mimi sikuweza kupiga kura vingine, na mstaafu hakuweza kutosamehe. Hoja inayowafunika watu wote sawasawa haiwezi kumtofautisha M. na mwizi wa kawaida, na kutofautisha ndiko tulikoitiwa. Sisemi kwamba swali la kama ulimwengu uko hivyo ni dogo. Wapo wanafalsafa makini wanaoamini kuwa likijibiwa "ndiyo", adhabu yoyote inayotolewa kwa kisingizio cha kustahili haina msingi. Ila hao hudai hivyo kwa wote, na hawahitaji kidonge ili kudai.

Mjumbe mmoja alileta majaribio ya mtafiti wa ubongo Benjamin Libet ya mwaka 1983, ambayo watu wengi huyataja kama ushahidi kuwa ubongo umekwisha kuamua kabla mtu hajajua. Washiriki waliombwa kukunja kiganja wakati wowote wapendao. Badiliko la umeme kichwani lilianza takriban nusu sekunde kabla ya kiganja kutikisika, na wao waliripoti kuhisi kusudio karibu moja ya tano ya sekunde kabla. Hata tukiyakubali yote hayo, kiganja kile kilikunjwa bila sababu yoyote ya kukikunja sasa badala ya baadaye. Mkopo hewa huchukua siku: kuchagua jina, kuangalia kama mwenye jina yuko mbali, kutafuta hundi, kulinganisha leja. Nusu sekunde haisemi lolote juu ya kazi ya siku tatu.

Swali lililozaa matunda ni je, kisababishi kilipita wapi? Kuna visababishi vinavyofanya kazi kwa kupitia uwezo wa mtu wa kupima sababu, na vipo vinavyouruka. Wanafalsafa John Martin Fischer na Mark Ravizza ndio waliolifanyia kazi wazo hili kwa undani: mtu anawajibika pale ambapo chombo kilichozaa tendo lake kinaitikia sababu, yaani sababu nzuri ya kuacha ikiwepo, chombo hicho kinaweza kuiona na kuifuata. Mahakama zina toleo lao la kienyeji zaidi: je, angefanya hivyo polisi akiwa amesimama pembeni yake?

Hapa ndipo yale majuma matatu matupu yalipopata uzito. Mkaguzi alikuwa pembeni yake, na hakuchukua. Mjumbe wa pili alidhani shauri limeisha hapo. Lakini taarifa ya benki ya majuma hayo inasema jambo la pili kwa wakati mmoja: kubeti hakukukoma. Kwa hiyo tulikuwa na vitu viwili ndani ya mtu mmoja. Hamu haikuitikia chochote, si ukaguzi, si aibu, si kushindwa mfululizo. Wizi uliitikia. Kuwa na hamu usiyoichagua hakukulazimishi kuishibisha kwa mali ya mwenzako, na M. alionyesha kwa vitendo kwamba njia hizo mbili kwake zilikuwa tofauti.

Hata hivyo ushahidi huo una mipaka, na kamati iliupa nguvu kuliko inavyostahili. Mtu anaweza kuzuia pumzi dakika moja. Hilo halithibitishi kwamba anaweza kuizuia saa nzima. Kujizuia majuma matatu ukijua mkaguzi ataondoka si sawa na kujizuia miezi kumi usiyojua mwisho wake. Pia kuogopa kukamatwa ni sababu ya aina moja tu. Ilikuwa muhimu zaidi kujua kama sababu ya kimaadili, kwamba hizi ni fedha za mzee aliyestaafu, bado ilikuwa inamfikia. Ndiyo maana lile suala la majina lilinishawishi kuliko pengo. Alichagua wastaafu kwa sababu hawaji ofisini. Aliyefikiria hivyo aliwaona kabisa waathiriwa wake.

Safu ya "nitarudisha" ilitumiwa na pande zote, na kwa maoni yangu haifai kwa upande wowote. Waliomtetea walimwona kama yule mraibu asiyetaka uraibu wake ambaye mwanafalsafa Harry Frankfurt alimweleza mwaka 1971: anatamani, lakini hataki kutamani. Ni picha nzuri, na huenda ni ya kweli kwa M. usiku wa manane. Lakini ni mwizi gani wa ofisini asiyeahidi kurudisha? Kinachonigusa kwenye daftari ni ukamilifu wake. Mtu anayejidanganya huacha kuandika.

Kuhusu kikaratasi, tulifuata njia ambayo Aristotle aliipita alipozungumzia ulevi: mlevi anaadhibiwa kwa alichofanya bila kujitambua kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutokulewa. Pittacus, mtawala wa Mytilene, mji wa Ugiriki ya kale, alikwenda mbali zaidi akaweka adhabu maradufu kwa kosa linalotendwa na mlevi. Lawama inarudi nyuma hadi mahali ambapo mtu bado alikuwa na usukani. M. hakuwa na mahali hapo mwanzoni, kwa sababu alimeza alichoandikiwa na daktari. Alipapata ile jioni mkewe alipomsomea.

Udhaifu wa uamuzi wetu upo hapa, na sitaki kuupaka rangi. "Hiyo inahusu watu wengine" inaweza kuwa ukaidi, na inaweza kuwa dalili. Kama dawa ilipindisha hamu, kwa nini isipindishe na uwezo wa kuiona hamu hiyo? Na kumwambia muuguzi ukweli kulimaanisha kupokonywa kile alichokitamani. Tuliweka mpaka kwenye tarehe ya kikaratasi kwa sababu ni tarehe inayoshikika, na kamati zinahitaji vitu vinavyoshikika. Mtu mwenye haki zaidi yetu angeuweka mpaka huo kama mteremko, lawama ikipanda kidogokidogo, badala ya ukuta.

Kilichofaulu kuliko vyote kilitoka kwa M. mwenyewe. Kikao cha pili kilipokuwa kinaendelea, wajumbe waliomwonea huruma walianza kumzungumzia kama vile hayupo: mgonjwa huyu, hali yake, tumwangalieje. Aliomba kusema. "Ndugu mwenyekiti, msinizungumzie kama sipo. Dawa ilinitia hamu, lakini hundi niliandika mimi." Mwanafalsafa P. F. Strawson alionyesha mwaka 1962 kwamba tuna misimamo miwili kwa binadamu mwenzetu: ule wa kumtarajia, kumkasirikia, kumshukuru na kumsamehe, na ule wa kumtazama kama jambo la kushughulikiwa. Wa pili unafaa wakati mwingine, na kwa vipindi fulani vya M. ulifaa. Lakini anayehamishiwa huko moja kwa moja ananyang'anywa na haki ya kuomba radhi. Barua zile kwa wastaafu zisingekuwa na maana kama tungemwondolea lawama yote, kwani nani ataomba radhi kwa kitu ambacho hakukifanya?

Ilibaki barua ya karani. Nadhani hapo ndipo kamati ilipofeli.

Tulimpunguzia M. lawama kwa sababu tulionyeshwa kisababishi: kina jina, kina dozi, kina maelezo ndani ya boksi. Tena kilikuwa na mwanzo na mwisho. Tulimjua mtu kabla, tukaona alivyobadilika, dozi ikashuka tukamwona amerudi. Ushahidi mzuri namna hiyo haupatikani mara nyingi. Lakini ni ushahidi tu. Unatusaidia sisi tunaotazama. Hauongezi wala kupunguza uhuru wa anayetazamwa. Karani naye alikuwa na visababishi vyake. Ubongo wake ulijifunza kamari kwa mfumo uleule wa dopamini, polepole, bila tarehe ya kuanzia na bila kidonge cha kupunguza. Asilimia 6.9 ya wasiotumia dawa zile nao wana ubongo. Kama M. anasamehewa hamu kwa kuwa hakuichagua, ni lini karani aliichagua yake?

Jibu linaweza kuwepo. Huenda karani alibeti kwanza kwa kupenda, akaona inavyomteka, akaendelea akijua, na hapo Aristotle angemshika. Huenda alichukua fedha kwa ulafi mtupu. Inawezekana kabisa kwamba maswali yaleyale yangemkuta na lawama kubwa kuliko ya M. Lakini hayakuulizwa. Hakupewa muda wa kumwona daktari, matendo yake hayakutenganishwa, na hakuna aliyeangalia kama kuna majuma aliyoweza kujizuia na alijizuia kwa sababu gani. Kusema muda wa rufaa umepita ni kujibu swali la kalenda. Yeye aliuliza swali la haki.

Chama kimebadilisha mambo mawili tangu wakati huo: hundi hazitiwi tena sahihi zikiwa tupu, na kila anayepewa barua ya kujieleza anaulizwa kwa maandishi kama kuna hali ya kiafya, dawa au uraibu ambao angependa kamati iujue kabla ya kuamua. Neno "uraibu" liliingizwa baada ya mabishano marefu, na mwenyekiti alilipinga hadi dakika ya mwisho. Jalada la karani bado limefungwa. Nimependekeza kwa maandishi lifunguliwe, bila kupendekeza uamuzi wowote juu yake.